Dau Likipandishwa Pwani

Dau la mbao likikaa pwani siku nyingi, jua hulikausha, mbao zikajikunja na nyufa zikafunguka. Atakayelipima hapo amelipima dau jengine. Ndivyo zilivyo protini za utando wa seli zinapotafutiwa kingamwili maabara. Kiasili huishi zimezama katika utando wa mafuta, na kingamwili huona kile tu kilichochomoza nje. Ukizing'oa kwa sabuni, aghalabu hupoteza umbo. Ukizibandika ovyo juu ya plastiki, huenda ukaufunika upande ule ule unaoutaka. Kwa hivyo wataalamu huzirejesha katika visahani vidogo mno vya mafuta, wakazitia mkiani biotini, vitamini iliyomo katika kiini cha yai, nayo hunaswa na streptavidini kwa mshiko usioachia. Kisha humiminiwa mabilioni ya virusi vya bakteria, kila kimoja kimebeba kipande cha kingamwili. Visivyoshika huoshwa, vilivyoshika huzalishwa, na kazi huanza upya. Njia hiyo ilianzishwa na George Smith mwaka 1985, Gregory Winter akaiendeleza, na wote wawili wakatunukiwa Nobeli ya Kemia mwaka 2018.

Sisi tuliokulia Konde tukitetemeka kwa homa kila masika, jambo hili si geni kwetu kama linavyoonekana. Kimelea cha malaria kikishaingia katika chembe nyekundu ya damu huchomoza protini zake juu ya utando wa chembe hiyo, na huzibadilisha kama mtu abadilishavyo kanzu. Mwaka 2016 watafiti waliochunguza damu ya watu wa Kilifi, mwambao wetu huu huu, walieleza kingamwili za ajabu: zimejipachika kipande cha protini nyengine ya mwili, LAIR1, na kwa kipande hicho hushika protini za RIFIN za vimelea vya namna nyingi. Hizo hawakuziteua kwa virusi. Walizipima juu ya chembe nzima zenye vimelea. Mwaka 2017 za namna hiyo zilielezwa pia kutoka Tanzania na Mali.

Mpenda mashairi atanielewa nikisema mwili hulisikia shairi pamoja na mahadhi yake, maabara huletewa maandishi.

Nawaza damu ya wazee wetu. Malaria Pemba imepungua mno tangu miaka ya 2000, alhamdulillahi, na kingamwili isiyokutana na adui hufifia. Huenda waliokuwa nazo hapa Konde wamekwishazikwa nazo.