Mahali pa Kuanika Mahindi

Paneli zote nilizofunga Iguhu na vijiji vyake huelekea mashariki. Fundi mgeni akizipita hudhani nilikosea, kwa sababu huku kwetu, karibu na ikweta, vitabu husema paneli ilazwe karibu bapa ingoje jua la utosi. Nami nilifanya hivyo hivyo katika nyumba yangu ya kwanza, mwaka 2010.

Ilikuwa ya nyanya mmoja wa ng'ambo ya mto Yala. Aliuza mtamba wake ili wajukuu wanne waache kusomea koroboi. Nikampandishia paneli ya wati 40 juu ya mabati, betri ya asidi kwenye kona ya sebule, taa tatu na mahali pa kuchajia simu. Ilikuwa Februari, jua kali. Usiku ule watoto waliwasha na kuzima mpaka akawakataza.

Aprili mvua ikaingia, akamtuma mtoto aniite. Nilikuta koroboi imerudi mezani, masizi yake yameanza tena kuchora ukuta. "Mjukuu wangu," akaniambia, "taa zako siku hizi hulala kabla yangu." Hakunigombeza, na hilo liliniuma zaidi. Nilipima betri: volti 11.4. Betri ya asidi ikikaa na njaa hivyo kwa wiki kadhaa, sahani zake za risasi hushika ukoko wa salfeti, ikawa haishiki chaji tena. Nilimnunulia nyingine kwa pesa yangu, na vibarua vya miezi minne vikaishia humo.

Kisha nikafanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya mwanzo: nikashinda pale kutwa na mita mkononi. Saa tatu asubuhi paneli ilikuwa inatoa vizuri. Saa saba mawingu yakaanza kupanda upande wa msitu wa Kakamega. Saa tisa radi, na mita ikawa karibu sufuri. Nilikuwa nimelijua hili tangu utotoni! Mama yangu hakuanika mahindi alasiri hata siku moja. Aliyatandaza umande ukikauka, na saa saba sote tulikuwa tunayaanua. Nilikuwa na elimu hiyo nyumbani, nikapanda juu ya paa nikaiacha chini.

Nikaigeuza paneli mashariki na kuiinamisha digrii 15, mvua nayo iwe inaiosha vumbi. Nikaomba tawi moja la mwavokado likatwe, maana kivuli kidogo kikifunika seli chache hukaba paneli nzima. Tangu siku hiyo, kila betri ninayouza naipigia hesabu ya siku tatu za mawingu. Kanuni za mwaka 2012 zilipotutaka mafundi wa sola tuwe na leseni, nilikuwa nimekwisha kutahiniwa na mvua ya Aprili.

Mwaka 2016 nilipata kibarua Loiyangalani, kwenye mradi wa upepo wa Ziwa Turkana. Mitambo 365, kila mmoja kilowati 850, megawati 310 kwa jumla. Upepo wa pale hubanwa kati ya milima ya Kulal na Nyiru, ukavuma usiku kucha hadi hema likawa linaimba. Mitambo ilikamilika ikasimama bure ikingoja laini ya zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa. Umeme wake uliingia gridi mwaka 2018.

Niliporudi, vijana wa sokoni walinitaka tujenge pangaboi letu kilimani. Iliniwia vigumu kuwakatalia, kwa vile na mimi nililitamani. Lakini upepo ukipungua nusu, nguvu yake hubaki thumuni, na wetu hauwezi hata kuyumbisha migomba ipasavyo, isipokuwa zile dakika kumi kabla ya mvua ya mawe. Sikutaka mtu mwingine auze mtamba.

Nguzo za stima zimefika kwa nyanya sasa, lakini paneli haikushushwa. Dhoruba ikiangusha waya, kwake kunawaka. Mjukuu wake wa tatu ndiye anayenishikia ngazi. Juzi tulifika boma jipya upande wa Musoli, na kabla sijafungua mfuko wa vifaa, nikamsikia akimuuliza mwenye nyumba: "Mama, mahindi huwa mnayaanika wapi?"