Gia ya Spidi ya Honda ya Bwana Shamba

Pikipiki ya kazi aliyopewa baba ilikuwa Honda XL125S, nyekundu, gurudumu la mbele inchi 21, na ilikabidhiwa pamoja na logibuku. Asubuhi kabla ya kuwasha, baba aliandika namba zilizosomeka kwenye mita. Jioni akirudi, kabla hata ya kuvua koti, aliandika tena. Kwenda Soni, kwenda Bumbuli, kupanda Mlalo kuwaona wakulima waliokuwa wakichimba matuta ya kuzuia mmomonyoko: kila safari ilikuwa na kilomita zake, na kwa kilomita hizo ofisi ilimkatia petroli ya wiki inayofuata.

Hiyo ni miaka ya mwanzo ya 1980, sisi tukiishi Lushoto. Vita ya Kagera ilikuwa imekwisha, fedha za kigeni hakuna, mafuta ni ya kupimiwa. Jumapili ikishagonga saa 8 mchana, gari la mtu binafsi halikuwa na ruhusa ya kuonekana barabarani. Spea ndiyo usiseme. Katika hali hiyo mita ya pikipiki ya serikali haikuwa pambo. Ilikuwa shahidi wa mtumishi mbele ya wakubwa wake, na shahidi huyo alitegemea gia moja ndogo iliyojificha ndani ya sahani ya breki ya mbele.

Nieleze kidogo jinsi mtambo huo ulivyo, maana wengi wanaoendesha pikipiki leo hawajawahi kuuona. Gurudumu linapozunguka, huzunguka na kibati cha duara chenye masikio mawili yaliyoingia kwenye mikato miwili ya habu. Kibati husukuma gia kubwa yenye meno ya mshazari. Gia kubwa husukuma pinioni nyembamba iliyolala kuikatiza, na mwisho wa pinioni ndio unaoshika waya wa ndani wa kebo. Kebo inapanda kando ya foki hadi kwenye mita, na huko juu waya unazungusha sumaku ndani ya kikombe cha alumini. Sumaku na kikombe havigusani hata kidogo. Sumaku inapozunguka huamsha umeme ndani ya alumini, umeme huo unakivuta kikombe kiifuate sumaku, na springi nyembamba inakirudisha nyuma. Mshale umefungwa kwenye kikombe. Otto Schulze, Mjerumani, ndiye aliyepata hataza ya mtambo huu mwaka 1902, na Honda ya baba, iliyotoka kiwandani karibu miaka 80 baadaye, ilikuwa bado inatumia wazo lake. Namba za kilomita hazihusiki na sumaku. Zenyewe huendeshwa kwa gia tupu kutoka kwenye waya uleule.

Siku moja mshale ukalala na namba zikagoma. Gurudumu lilikuwa limefunguliwa kuziba pancha, na aliyelirudisha alikaza ekseli bila kuhakikisha kwamba masikio ya kibati yamekaa kwenye mikato yake. Yakapondeka. Pikipiki ikapelekwa kwa fundi, ambaye hakuwa na kibati kingine. Aling'oa mtambo mzima, akaweka gia na pinioni za pikipiki ya barabarani yenye gurudumu la inchi 18, akachonga hapa na pale mpaka zikakubali kukaa. Mshale ukainuka. Baba alishukuru, akalipa, akaendelea na kazi.

Baada ya muda ofisi ikamwita. Kwa mujibu wa logibuku yake, pikipiki ile ilikuwa inakunywa petroli kuliko za wenzake wote, na akaulizwa lita zinazozidi zinakwenda wapi. Ilikuwa mwaka 1983, wakati wa msako wa wahujumu uchumi, watu wakitupa bidhaa porini usiku ili wasikutwe nazo. Mtumishi kuulizwa swali la namna hiyo halikuwa jambo dogo. Mama aliacha kula. Baba hakusema mengi, lakini nilimwona anakaa barazani na logibuku mapajani, anarudi nyuma ukurasa kwa ukurasa, anatafuta ilipoanzia.

Akaipata: ilianzia siku ya matengenezo. Baba alikuwa bwana shamba, kupima ndiyo kazi yake, na nyumbani alikuwa na tepu ndefu ya kupimia matuta. Aliweka alama ya chaki kwenye tairi ya mbele, akafungua kebo upande wa mita, akafunga kipande cha uzi mwekundu kwenye ncha ya waya. Kisha akaniita.

"Mimi nasukuma. Wewe usiangalie kitu kingine, uangalie uzi tu. Hesabu kwa sauti."

Akaisukuma polepole mpaka chaki ikagusa ardhi mara 10. Tepu ikaonyesha mita 21 na ushee. Uzi ulikuwa umezunguka mara 26. Tulirudia, ikawa vilevile. Kesho yake alikuja mwenzake aliyekuwa na Honda kama hiyo, ambayo haijawahi kuguswa na fundi yeyote, tukaipima kwa tepu ileile na uzi uleule. Kwa mizunguko 10 ya gurudumu, uzi ulizunguka mara 29 na nusu.

Miaka mingi baadaye nilikuja kujua sababu ya namba hizo. Spidomita nyingi za waya za pikipiki za Kijapani zimepangwa kwamba waya ukizunguka mara 1400, mita inahesabu kilomita moja. Gurudumu la inchi 21 ni kubwa, linazunguka mara chache zaidi katika kilomita hiyo, kwa hiyo gia yake lazima iuzungushe waya karibu mara 3 kwa kila mzunguko wa gurudumu. La inchi 18 ni dogo, linazunguka mara nyingi zaidi, na gia yake imepunguzwa kwa sababu hiyo. Ukiihamishia gia hiyo kwenye gurudumu kubwa, kila kilomita 100 unazotembea zinaandikwa 88. Baba hakuwa na habari ya 1400. Alikuwa na uzi, chaki na tepu, na vilitosha. Alikwenda navyo ofisini, akairudia kazi nzima mbele ya mkuu wake, na wakubwa wengine wakatoka kuangalia. Jambo likaishia pale. Mimi hadi leo sijaona hesabu iliyonifurahisha kuliko ile.

Lakini gia bado ilikuwa ile ya uongo, na duka lenye gia ya kweli halikuwepo, si Lushoto, si Tanga. Ndipo tulipoteremka Mombo kwa mzee mmoja aliyejifunzia ufundi kwenye karakana ya shamba la mkonge. Alimsikiliza baba mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja.

"Bwana Shamba, ule mtambo wa mwanzo ulitupwa?"

"Haukutupwa, mzee. Niliuomba, nikauweka kwenye kopo."

"Basi huna shida."

Aliosha vyote kwa mafuta ya taa. Meno ya gia yalikuwa mazima, pinioni nzima. Kilichokufa ni kibati peke yake. Mzee akachukua kipande cha msumeno wa zamani, akakipasha mpaka kikawa chekundu, akakifukia kwenye majivu kipoe taratibu kilainike. Akachora duara kwa bikari, akakata, akapiga tupa, akakunja masikio mawili, akayajaribisha kwenye mikato ya habu tena na tena. Yalipokaa bila kucheza, akakipasha kibati tena na kukitumbukiza kwenye oili. Ilichukua mchana kutwa. Wakati wa kufunga gurudumu alinishika mkono, akaniambia nilizungushe polepole huku yeye anaisukuma sahani ya breki kwa kidole gumba, mpaka nikasikia masikio yameingia. Hapo tu ndipo alipochukua spana ya ekseli.

Mzee huyo ndiye aliyenifundisha kuusoma ugonjwa kabla ya kufungua nati. Mshale ukitetemeka, shuku kebo: imekauka au imekunjwa. Mshale ukisema uongo huku namba zinakubaliana na nguzo za kilomita za barabarani, tatizo liko kichwani, kwenye sumaku au springi. Vyote viwili vikikosea kwa kiasi kilekile, shuka chini kwenye gia. Nimetumia mafunzo hayo maisha yangu yote ya ufundi, na sijaona kitabu kinachoyaeleza vizuri kuliko alivyoyaeleza yeye, akiwa amekaa juu ya kreti la soda.

Kilichofuata kinajulikana. Baada ya 1986 milango ikafunguliwa, Mzee Mwinyi akasema ruksa, na mizigo kutoka Dubai ikajaa Kariakoo. Kebo mpya ikapatikana, hata sahani nzima ya breki na gia yake ndani. Nilianza kufanya kazi gereji Korogwe miaka hiyo, na nakumbuka raha ya kufungua spea kwenye karatasi yake ya grisi. Hata hivyo, ndani ya muda mfupi hakuna aliyekuwa anakata kibati. Mtambo ukisumbua, unatupa wote.

Kisha zikaja pikipiki za Kichina na za Kihindi, SanLG, T-Better, Boxer, na bodaboda zikaenea mpaka vijijini kwetu. Hapo ndipo gia ya spidi ilipoachwa kabisa, na sababu si uchakavu. Dereva wa bodaboda hupeleka hesabu kwa tajiri mwenye pikipiki, na hesabu ni ya siku. Atembee kilomita 40, atembee 140, kiasi ni kilekile. Kilomita zikaacha kuwa na mwenyewe. Kebo ikikatika hainunuliwi nyingine. Wengine wanaichomoa pikipiki ikiwa mpya ili siku ya kuiuza namba ziwe ndogo. Nimefungua magurudumu mengi ambayo ndani yake gia ilikuwa imeondolewa na tundu la kebo kuzibwa kwa kipande cha ndala.

Jambo hili linaniuma kwa sababu ya injini. Nyingi ya hizo injini zimeiga Honda CG125, injini ngumu kweli, lakini haina chujio la oili la karatasi, na oili yake ni kama lita moja. Oili hiyo inachoka kwa kilomita. Kijana anayetembea kilomita 100 kwa siku anamaliza 3000 kwa mwezi, na bila mita anabadilisha oili pale anapokumbuka au anapopata fedha. Nimeona kamshafti zilizolika mpaka hazifai, kwa pikipiki ambazo wenye nazo waliapa kuwa ni mpya.

Honda ya baba ilipigwa mnada, akainunua mwenyewe. Alipofariki ikawa yangu. Nimeirudisha barabarani kwa subira, na mtambo wa spidi niliuacha uwe wa mwisho kwa makusudi, kwa kuwa nilitaka kuufanya bila haraka. Kibati cha mzee wa Mombo bado kiko ndani, masikio yamesimama. Safari hii meno ya gia kubwa ndiyo yaliyokwisha, na nilimpelekea mchonga vyuma wa Tanga ile iliyochakaa pamoja na pinioni yake, akanichongea nyingine ya shaba nyeupe. Kabla ya kuifunga nilitafuta chaki na uzi. Mizunguko 10, uzi 29 na nusu.

Mambo yanageuka tena sasa. Pikipiki za umeme zimeanza kuingia mijini, na kwenye hizo hakuna gia wala waya: kuna kihisio na kioo. Anayekodisha betri anataka kujua umetembea umbali gani, kwa hiyo kilomita zimerudi kuwa na thamani. Hapa Korogwe pia kuna tajiri mmoja aliyechoka kununua injini, ambaye sasa anadai oili ibadilishwe kwa kusoma mita, la sivyo mkataba unavunjika. Vijana wake wanakuja gereji na pikipiki zilizozibwa ndala, wanataka kebo zirudi.

Nawafundisha wafunge wenyewe. Kosa lao kubwa ni grisi: wanapaka waya mzima, kutoka chini hadi juu, na waya unapozunguka unaipandisha grisi mpaka ndani ya mita, inagandisha sumaku na kikombe, mshale unaruka hadi mwisho na kukatika. Juzi mmoja alikuwa ameshautumbukiza mkono kwenye kopo.

"Mzee, nipake hadi wapi?"

"Theluthi mbili za chini. Huko juu uache mkavu."

Akafuta palipozidi kwa kitambaa, akaingiza waya, na tukaanza kutafuta masikio ya kibati.