Nyumba ya 1936 Bado Mtoto!

Ukipita Kisutu siku hizi, mshikaji, inua macho. Juu ya nyumba nyingine utaona mwaka umechongwa kwenye saruji. Niliyokuwa naipenda mimi ilikuwa ya 1936, yenye roshani ya mbao. Juzi nikaikuta imezungushiwa mabati.

“Shikamoo mzee, kulikoni?” nikamuuliza mlinzi.

“Marahaba. Ghorofa hilo linakuja, mwanangu. Kibali wanacho.”

Kibali! Basi sikia mambo yalivyo. Kibali cha ujenzi ni cha halmashauri: wataalamu wake wanaangalia ramani, kiwanja ni cha nani, jengo litasimama au litatuangukia. Ukongwe ni mlango mwingine kabisa. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inayalinda yenyewe majengo ya kabla ya 1863. La baada ya hapo mpaka waziri alitangaze.

Sasa piga hesabu. Sultani Majid alianza kuujenga mji huu miaka ya 1860, na Old Boma pale bandarini ni ya 1867 hivi. Yaani hata hilo babu lao, mwaka limeukosa kidogo tu! Sembuse la 1936?

Sipingi maghorofa, jamani. Mwenye nyumba naye ana watoto wa kusomesha, na roshani hailipi ada. Ila ombi la kubomoa likifika halmashauri, si wabandike tangazo mlangoni hata mwezi mmoja? Aliyezaliwa humo aje apige picha.