Asiyeona Naye Ana Siri Yake

Ndugu msomaji, huenda wewe uliye Mombasa, Tanga au Unguja una mzee nyumbani asiyeona tena, na simu yake husomewa na wajukuu. Nakuuliza: ni watu wangapi waijuao namba yake ya siri ya pesa?

Mimi nakuandikia kutoka Bariadi, makao makuu ya mkoa wa Simiyu uliomegwa kutoka Shinyanga mwaka 2012, nchi ya pamba, ambako nasomesha chuo. Presha ya macho ilinitia kizani kidogo kidogo, hata nikawa wa kusomewa. Na kusomewa si jambo dogo. Ujumbe wa anayekudai husomwa barazani kwa sauti. Habari ya mgonjwa wako mtoto huijua kabla yako. Na ukitaka kumpelekea dada yako shilingi 10,000, humtajia mtu namba zile nne ambazo kampuni yenyewe yakuonya usimtajie yeyote.

Kumbe ndani ya simu nyingi za kupangusa mna programu isomayo kioo kwa sauti, iitwayo TalkBack, nayo haiuzwi. Ya iPhone huitwa VoiceOver. Bonyeza vitufe viwili vya sauti kwa pamoja, uvishikilie kama sekunde 3, itaanza kusema. Ukipangusa kulia hukutajia kinachofuata. Ukigonga mara mbili hufungua. Ichagulie sauti ya Kiswahili, kwani ile ya Kiingereza hulisoma neno "kheri" kama mtu aliyeungua ulimi kwa chai.

Taabu ni kwamba programu haitulii. Mwaka 2021 TalkBack ilifanywa upya: menyu iliyotaka upanguse chini kisha kulia ikapata njia ya kugonga kwa vidole vitatu, na ukigonga kwa viwili hunyamaza. Mwenye macho hutazama tu akajua. Kijana wangu wa chuoni, kila nimwulizapo, alikuwa akiinyakua simu: "Lete, Maalim, nikufanyie." Nikamwambia, mwanangu, usinifanyie, nishike kidole. Kwani kesho yeye yuko shuleni, nami nimebaki na kioo bubu.

Tulikaa baada ya alasiri siku nne kwa jambo moja, nalo ni kuficha kioo. Limo katika menyu ile ile: kioo huwa cheusi na simu ikaendelea kunena. Nikatia hedifoni masikioni, nikatuma pesa, na jirani yangu wa kushoto asijue ni ngapi! (Menyu ya pesa hukatika ukichelewa, nilirudia mara sita. Wenye kampuni wangetuongezea muda.)

Basi ukikaa na mzee wako, simu ibaki mkononi mwake. Keti ubavuni, umwambie apanguse, usubiri. Akishaweza, abadilishe namba ya siri, nawe utoke chumbani.

Tangu mwaka 2020 mna pia kibodi ya nukta nundu humo humo. Mimi sikusoma nukta nundu utotoni, hivyo naanza na alifu. Nimefika herufi ya kumi, na hizo zote hutumia nukta nne za juu tu. Kuanzia K nukta za chini nazo huingia.