Hesabu za Darasa la Tatu Luofu: Tangu Makuta Hadi Faranga

Kijana wa Luofu, kijiji cha Kivu Kaskazini nchini Kongo, anayemaliza shule ya msingi leo husoma desimali, yaani tarakimu zinazoandikwa baada ya mkato, bila kujua kwamba babu na bibi zake walizishika mkononi kila walipokwenda sokoni. Na kutojua huko, ambako si kosa lake, kunaufanya mwaka wa hesabu wa darasa la tatu ustahili kukumbukwa.

Enzi za babu na bibi hao, kwa kawaida darasa la kwanza liliishia 20, la pili 100, na la tatu likampandisha mtoto hadi 1 000. Kila mwanafunzi alikuja na vijiti vyake vya matete, vyenye urefu wa kidole, akavifunga kumi kumi kwa kamba ya mgomba, kisha mafungu kumi yakafungwa pamoja yakawa mia. Mwalimu alipoandika ubaoni 302 kutoa 47, mtoto hakukariri kanuni ya kukopa: alifungua fungu moja la mia akapata makumi kumi, akafungua moja la kumi akapata vijiti kumi vya kuongeza kwenye viwili alivyokuwa navyo, akaondoa saba, kisha akaondoa makumi manne, na mbele yake zikabaki mia mbili, makumi matano na vijiti vitano. Aliyefanya hivyo mara nyingi hakuisahau thamani ya nafasi, yaani uwezo wa tarakimu ileile kuwa moja, kumi au mia kulingana na mahali ilipoandikwa.

Fedha nazo zilifundisha somo hilohilo. Sarafu ya zaire, iliyoanza kutumika mwaka 1967, iligawanyika katika makuta 100, na likuta moja katika sengi 100, kwa hiyo mtoto aliyetumwa chumvi ya makuta 35 akiwa na zaire moja alijua kwamba lazima arudi na makuta 65, na siku alipoiona 0,35 ubaoni aliitambua mara moja. Duka na darasa vilisema jambo moja, na hiyo ndiyo bahati kubwa ambayo kizazi kile kilipewa.

Kisha bei zikapanda hadi makuta yakakosa kazi. Ilichapishwa noti ya zaire 5 000 000, ambayo wachuuzi wengi waliikataa. Mwaka 1993 zaire mpya moja ikachukua nafasi ya zaire 3 000 000 za zamani, na mwaka 1998 faranga moja ikachukua nafasi ya zaire mpya 100 000. Miaka haina uzito mkubwa hapa. Kilicho kizito ni kwamba senti za faranga hazikudumu mikononi mwa watu, na desimali zikabaki maneno matupu.

Yaliyofuata yanajulikana: vita, kuhama, madarasa yaliyofurika tangu masomo ya bure ya mwaka 2019. Inaudhi, hata hivyo, kuona watoto wakikaririshwa majibu ya mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi, huku matete yakiota kandokando ya mito bila kukatwa. Makuta hayatarudi, lakini mita bado ina sentimita 100, na mwalimu mwenye kamba iliyopimwa vizuri anaweza kumwonyesha mtoto 0,35 kwa macho. Hilo halihitaji mfadhili wala amri ya wizara, na watoto wa Luofu wanastahili kufanyiwa hivyo.