Kusoma Vitabu vya Safari

Watu wengi hutamani kuziona nchi za mbali, lakini ni wachache waliojaliwa nauli. Kitabu cha safari ni chombo cha maskini na tajiri sawasawa. Hakingoji kusi wala kaskazi, hakidai pasipoti, na saa ya kulala ifikapo humrudisha abiria wake kitandani salama. Mimi nimevipenda vitabu vya namna hii tangu ujana wangu. Kwa kuwa navipenda, nataka kukuambia, ndugu msomaji, jinsi vinavyotaka kusomwa. Kwa maana kitabu cha safari chaweza kukufungua macho, na chaweza vilevile kukuvika macho ya mtu mwingine.

Wazee wetu walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii hutajwa aghalabu kumwonya mgeni mvivu, lakini kwangu ni kipimo cha msafiri aandikaye. Mgeni wa siku mbili hutandikiwa mkeka mpya, huchinjiwa kuku, na husikia maneno matamu. Aliyeshika jembe huujua ugumu wa ardhi, bei ya unga na ugomvi wa majirani. Kwa hiyo nishikapo kitabu cha safari, swali langu la kwanza ni hili: mwandishi huyu alikaa siku ngapi, na je, alipewa jembe?

Mtazame Ibn Battuta, mzaliwa wa Tangier katika nchi ya Moroko, mmoja wa wasafiri wakubwa waliopata kutokea duniani. Alitoka kwao mwaka 1325, na mwaka 1331 alifika katika pwani yetu, akatua Mombasa na Kilwa. Mombasa alilala usiku mmoja tu. Alisimulia kwamba wenyeji walikula ndizi na samaki, walikwenda miguu mitupu, na walikuwa na misikiti ya mbao iliyojengwa imara. Na mlangoni mwa misikiti palikuwa na visima, ambapo watu waliosha miguu kabla ya kuingia. Hayo ni maneno ya mtu aliyetazama kwa makini, nasi twamshukuru, maana habari za mji ule kwa wakati ule ni haba sana. Lakini alisema pia kwamba kisiwa hicho hakina bara, na kwamba kati yake na nchi ya Sawahili ni mwendo wa siku mbili baharini. Mtu avukaye Likoni kwa feri leo huchukua dakika chache! Wala kosa hilo si la ajabu. Habari zake zilikamilika kuandikwa mwaka 1355, miaka 24 baada ya usiku ule, na mwandishi aliyemsikiliza akisimulia. Kumbukumbu huchakaa kama nguo. Basi tusimkatae msafiri kwa kosa moja, wala tusimwamini katika yote kwa sababu ya ukweli mmoja.

Sasa mtazame mtu aliyepewa jembe. Sayyida Salme, binti wa Sultani Said wa Unguja, alizaliwa mwaka 1844. Mwaka 1867 aliolewa na mfanyabiashara Mjerumani, akaenda kukaa naye Hamburg. Mwaka 1870 mumewe alifariki baada ya kugongwa na tramu. Binti wa sultani akabaki ugenini na watoto watatu wadogo, akawa akifundisha Kiarabu ili apate riziki. Alikufa mwaka 1924, na barua alizoandika juu ya maisha yake ya Ujerumani zilipigwa chapa miaka mingi baadaye. Kwa mtu kama huyo majira ya baridi hayakuwa tamasha ya kutazama dirishani; yalikuwa majira ya kulisha na kuvika watoto. Mpita njia asingaliweza kuyaandika hayo, hata angalikuwa na kalamu ya dhahabu.

Baada ya kumpima mwandishi, msomaji naye na apimwe. Mwaka 1848 Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani aliyekaa Rabai karibu na Mombasa, aliuona mlima Kilimanjaro na theluji kileleni. Habari ilipofika Uingereza, William Desborough Cooley, mtu mwenye sifa katika elimu ya jiografia ya Afrika, aliikataa. Yeye hakupata kuikanyaga Afrika, lakini aliona kuwa theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Wachaga waliokaa chini ya mlima ule hawakungoja ruhusa ya London ili waione. Kosa la Ibn Battuta lilikuwa la msimulizi; kosa la Cooley lilikuwa la msomaji aliyedhani kwamba lisilomo katika kipimo chake halimo duniani.

Nakuhimiza haya kwa sababu madhara yake si madogo. Nimewajua vijana waliosoma habari za barabara pana na miji yenye taa usiku kucha, wakaanza kulidharau jiko la mama zao. Nimewajua wengine waliosoma habari za dhiki za watu wa mbali, wakavimba kwa kiburi. Siku hizi habari za ughaibuni hutujia kwa simu pia. Jamaa aliye Doha ama Minneapolis hutuma picha yake amesimama mbele ya jumba refu, na nyumbani watu huuza ng'ombe ili mdogo wake amfuate. Picha ile ni ya siku mbili za mgeni. Jembe halipigwi picha. Ajuaye kusoma kitabu cha safari atajua kuisoma na picha hiyo. Atauliza: unaamka saa ngapi? Kodi ya chumba ni kiasi gani? Ukiugua, nani hukuletea uji?

Basi usomapo, weka ramani kando yako, na juu ya nchi moja tafuta vitabu viwili, kimoja cha mgeni na kimoja cha mwenyeji. Kumbuka pia kuwa sisi nasi tuna macho. Mwaka 1931 Martin Kayamba wa Tanganyika alikwenda London pamoja na wenzake wawili kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza, na mwaka 1932 kitabu chake cha Kiswahili kilichapishwa kwa jina la Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza. Jina hilo limeyataja mambo mawili, kuona na kutenda, na safari njema huyataka yote mawili.

Nawe usingoje nauli ndipo uanze kuandika. Chukua karatasi, ukieleze kijiji chako kwa mtu wa Siberia asiyepata kuuona mnazi wala muhogo. Mwambie maji yatoka wapi, nani huyateka, na njaa huingia mwezi gani. Huenda ukagundua kwamba yako mengi ya kwenu ambayo hujayauliza bado.