Binti Fizikia na Chuo Kidogo



Katika nyumba zetu za pwani, mtoto akisema anataka kusomea udaktari au uanasheria, wazee hufurahi. Akisema Fizikia, yaani elimu ya maumbile, hutazamana. Wengine huchelea kuwa itamtoa katika dini. Wengine huuliza itamlisha nini. Akiongeza kuwa chuo chenyewe ni kidogo, mazungumzo huishia hapo.

Mimi ni mtu wa Tanga, na somo hilo nalifundisha hapa Malampaka, mkoani Simiyu, nchi ya pamba. Reli ya Tabora iliyofika Mwanza mwaka 1928 inapita hapa, nayo ndiyo kitabu chetu cha kwanza. Baina ya kipande cha reli na kipande mafundi wameacha upenyo. Chuma cha mita 12 kikizidiwa na joto kwa nyuzi 30 hurefuka kiasi cha milimita 4. Lau kusingekuwa na upenyo, reli ingepinda na garimoshi lingeanguka. Mwanafunzi akilifahamu hilo, huona kuwa joto na chuma vimewekewa kadiri yake, na havivuki mpaka. Je, huko ni kumtoa katika dini? La hasha! Qur'ani yenyewe inatuita tena na tena tuzitazame mbingu na ardhi, mvua, na kupishana kwa usiku na mchana.

Wala jambo hili si geni kwetu. Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra mwaka 965, alionyesha kuwa jicho huona kwa nuru inayoingia ndani yake kutoka kwenye vitu, wala si kwa miale inayotoka jichoni kama walivyodhani wengi waliomtangulia. Hakutosheka na kusikia, alijaribu. Kitabu chake juu ya nuru kilisomwa Ulaya kwa karne nyingi.

Ama chuo kidogo, mzee mmoja mwenzangu wa pwani, mwenye duka hapa, alinijia na shauri. Binti yake alipata nafasi ya kusomea ualimu wa Fizikia katika Chuo Kikuu cha Waislamu cha Morogoro, kilichoanza mwaka 2005 katika majengo yaliyokuwa chuo cha TANESCO. Akaniambia, "Mwalimu, nimpeleke mtoto chuo ambacho hata jirani zangu hawakijui?"

Nilimhadithia habari ya Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, huko Lushoto, alitia maziwa ya moto katika jokofu ili afanye aiskrimu, akaona yameganda kabla ya maziwa ya mwenzake yaliyoingizwa baridi. Alipouliza sababu, aliambiwa amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimwuliza Dokta Denis Osborne, mwalimu wa chuo kikuu aliyetoka Dar es Salaam. Wenzake wakamcheka. Osborne hakucheka, alirudi, jambo likajaribiwa, na mwaka 1969 habari yake ikachapishwa katika jarida la Physics Education. Hata leo wataalamu wanabishana juu ya sababu yake, na wengine wanalitilia shaka jambo lenyewe. Lakini swali la kijana wa Magamba limezunguka dunia.

Mzee alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Na huko Morogoro, binti yangu akiuliza, watamcheka?"

Msomaji mpendwa, hilo ndilo swali la kuuliza juu ya chuo chochote. Udogo peke yake si fadhila, wala ukubwa si aibu. Nenda ukatazame: Je, maabara yana vyombo, na wanafunzi wanavigusa kwa mikono yao? Je, mwalimu anawajua kwa majina? Je, mtoto atapata mahali pa kusali na watu wa kumkumbusha adabu? Zamani masheikh wetu walisoma fiqhi, nahau na falaki katika baraza moja, wanafunzi wakiwa wachache, na hakuna aliyeona kuwa elimu moja inaidhulumu nyingine.

Na kabla ya kukipima chuo, tujipime sisi. Mtoto wa kike akiuliza mezani kwa nini mwezi unapungua, twamjibu au twamwambia akaoshe vyombo? Mara nyingi kicheko cha kwanza hutoka nyumbani.

Mwenyezi Mungu atuzidishie elimu yenye manufaa, na awafungulie watoto wetu milango ya kheri. Amin.